Kufuli la Karavani ya Samweli

Kabasa, Bunda
Jumatatu, 3 Machi

Leo nimerudi kazini. Siku arobaini za mume wangu Samweli ziliisha Ijumaa, na mtu akizidi kukaa ndani anaanza kuumwa magonjwa yasiyo yake. Nesi anayenipima presha aliniambia, "Usipopata usingizi, andika." Basi nimenunua daftari.

Karavani nimeikuta palepale, kando ya kambi ya wajenzi wa barabara, dirisha limejaa vumbi. Ni nyumba ya bati yenye magurudumu mawili, ya kuvutwa na gari. Iliachwa na mhandisi wa kigeni aliyemaliza mkataba wake. Samweli aliichukua sakafu ikiwa imeoza. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na kwa miaka miwili kila Jumapili baada ya misa alikuwa ndani yake, miguu tu ndiyo inaonekana mlangoni. Akakata dirisha kubwa ubavuni, akaweka jiko la gesi, sinki, rafu, na ubao wa kukunja wa kupokelea sahani. Tangu hapo mimi na mdogo wangu Recho tunapikia humo chai, chapati, ugali na samaki. Kambi ikihama, tunaomba gari na kuhama nayo. Chumba cha kudumu ninacho Nyasho, Musoma, karibu na shule anayosoma binti yangu Brenda, ila kazi ndiyo inayotuambia tulale wapi. Hapa Bunda tumepanga nyuma ya duka.

Recho amefagia. Mimi nimekanda unga. Hakuna aliyemtaja.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Wateja wachache, matope mengi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi tumekuta karavani haipo mahali pake. Ilikuwa hatua kama ishirini mbele, pua imeingia mtaroni, imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Alama za matairi ya gari zilionekana kwenye matope. Walifunga, wakaivuta, ikawatumbukia, wakaiacha.

Nilikaa chini palepale kwenye unyevu. Recho ndiye aliyekwenda kuita watu. Vijana wa kambi walikuja, na fundi wa matairi wa ng'ambo ya barabara, anaitwa Clever, akaja na jeki mbili bila kuitwa. Wakaiinua. Clever akazunguka akiangalia chini, akasema, "Hawa hawakujua kazi. Wangekuwa wanajua, saa hizi iko Mwanza."

Sikuipenda namna alivyosema.

Nimempigia shemeji Magesa, kaka yake Samweli, anayeishi kwenye mji wao kule Butiama. Nilipoanza kueleza sauti ikakatika. Akasema, "Shemeji, usilie. Nakuja na dawa yake."

Jumapili, 9 Machi

Magesa amekuja akitoka kanisani, na suti yake. Ni mwenyekiti wa kigango na hata jasho lake lina heshima. Kwenye mfuko wa salfeti alikuwa na kufuli la tairi. Ni chuma cha njano, kizito kama mtoto wa miezi minane: mikono miwili inakumbatia tairi mbele na nyuma, na sahani ya chuma inafunika nati ili mtu asifungue gurudumu. Amelitafuta Mwanza. Alipiga magoti na suti ile, akalifunga mwenyewe, akanionyesha mara tatu.

"Gurudumu likigoma, karavani haiendi," alisema. "Mwizi akiiona tu hiyo rangi, anapita."

Funguo zilikuwa mbili. Mmoja akanipa. Mwingine akauning'iniza kwenye funguo zake za nyumbani. "Huu nakaa nao mimi. Ukipoteza wako, utampigia nani?"

Nikaona ni sawa. Nilimshukuru mpaka akaona aibu. Alipoondoka nilimwambia Recho kwamba Samweli hajaondoka mzima mzima, ametuachia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Clever alikuja kunywa chai. Akachuchumaa kwenye gurudumu, akaligonga kufuli kwa kidole.

"Mama Brenda, hili kufuli ni zuri, sikatai. Linamzuia mwizi mwenye haraka. Ila lina mambo yake. Kwanza, linafunga tairi, halifungi mlango wala dirisha. Pili, matope yakiingia kwenye tundu la ufunguo, mwenye mali ndiye anayehangaika. Tatu, mtu mwenye muda anainua na jeki, anafungua beringi, anatoa gurudumu zima na kufuli lake, anavalisha la kwake."

"Wewe umeyajulia wapi hayo?"

Alikunywa chai yake yote ndipo akajibu. "Kazi yangu ni magurudumu."

Ijumaa, 14 Machi

Flora, anayeuza dagaa na furu wa kukaanga pembeni yetu, ameniambia nisichokijua. Clever aliwahi kufungwa jela. Aliibaga magurudumu ya magari Musoma. "Mji mzima wanajua," alisema, "labda wewe ndiye uliyekuwa na msiba."

Nimemwambia Recho asimpe tena chai ndani. Anywee nje.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Asubuhi nimefungua kufuli kuhakikisha linafunguka. Tundu limejaa udongo. Nimelisafisha kwa njiti na mafuta ya kupikia.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mafuta tena.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua usiku kucha. Njiti imevunjikia ndani, nimeitoa kwa sindano. Clever alikuwa anatazama kutoka ng'ambo. Hakuja. Nimefurahi hakuja.

Jumatano, 26 Machi

Gody, mkuu wa kambi, ametutangazia kwamba kazi ya barabara inasimama mpaka mvua zipungue. Vijana wanaondoka. Karavani itabaki peke yake kwenye uwanja mtupu.

Nimempigia Magesa. Hata sikumaliza. "Ilete nyumbani, shemeji. Hapa kuna macho saa zote. Nyie nendeni Nyasho mkapumzike. Mvua zikikatika utaichukua."

Ijumaa, 28 Machi

Tumeivuta mpaka Butiama kwa gari la rafiki yake Magesa. Ameiweka nyuma ya nyumba yake kubwa, hatua chache kutoka kaburi la Samweli, mgongo umeelekea migomba. Nilisali pale kaburini na kanga imelowa. Magesa alifunga kufuli, akalitikisa, akaniambia, "Sasa lala."

Mke wake, Benedikta, alituletea maji ya kunawa na viazi. Ni mwanamke mrefu, hasemi. Tangu nimeolewa ukoo huu sijui kama amenipa maneno hamsini. Nilikuwaga nadhani ananidharau kwa sababu ninauza chakula barabarani. Leo pia hakuniangalia.

Nyasho, Musoma
Jumanne, 8 Aprili

Siku kumi bila kazi. Nyumba inanuka nguo mbichi. Mchana Gody amepiga simu: kikosi kimoja kinapelekwa Kisorya kutengeneza barabara ya kwenda kivukoni, watu wengi, hakuna wa kuwapikia. "Njoo na nyumba yako, mama Brenda, kabla mwingine hajaja na sufuria." Recho alicheka, kicheko cha kwanza tangu Januari.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Tulifika Butiama asubuhi na gari la kambi. Magesa hakuwepo, alikuwa shambani. Karavani ilikuwa safi, imeoshwa na mvua. Nikachuchumaa, nikaingiza ufunguo. Uliingia wote. Haukuzunguka. Nikasafisha tundu, nikatia mafuta, nikajaribu tena. Dereva akajaribu. Recho akajaribu. Ndipo nikaona: kufuli lile la Kabasa lilikuwa na mkwaruzo kwenye sahani, pale lilipoangukia jiwe mwezi uliopita. Hili halikuwa nao. Lilikuwa jipya, ndugu yake na lile.

Benedikta alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mtama. Nikamwita kwa jina la mwanawe, "Mama Mugeta, hili kufuli limebadilishwa?" Aliingia ndani.

Tulisubiri mpaka saa saba. Magesa akaja na jembe begani, akatusalimia mmoja mmoja, akauliza habari za Brenda.

"Shemeji, ufunguo wangu haufungui."

"Ndiyo. Lile la kwanza liliingia kutu. Nimebadilisha."

"Asante. Naomba ufunguo basi, gari linasubiri. Tunakwenda Kisorya."

Aliweka jembe ukutani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Ufunguo upo. Ila karavani ya marehemu haiendi popote mpaka ukoo ukae."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia ile ni kazi yangu, nimepikia mle miaka mitano. Akasema hakuna anayekataa. Nikamwambia Brenda anasoma kwa jiko lile. Akasema Brenda ni mtoto wa ukoo, hatakosa. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ningependa angenifokea.

"Wewe ndiye uliyenipa kufuli," nilisema. "Uliniambia ni la wezi."

"Ni la kulinda mali," akasema. "Na ninailinda."

Dereva akapiga honi. Tuliondoka na gari tupu. Njia nzima Recho alishika ufunguo wangu mkononi, akiugeuza, kana kwamba tatizo liko upande wa meno.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukoo umekaa. Wanaume tisa kwenye viti, sisi wanawake kwenye mikeka. Baba mdogo Danford, ndiye mkubwa wao sasa, aliongoza. Walisema Magesa awe msimamizi wa mirathi. Walisema nyumba aliyoanza Samweli pale nyumbani kwao ipo, ina bati, nihamie na mtoto. Nisipotaka, njia ya kwetu naijua.

"Nitakula nini hapa?" niliuliza.

"Wenzako wanakula nini?" baba mdogo akajibu, na wengine wakaguna kukubali.

Kisha Magesa alisimama. Nilitegemea maneno ya mtu mlafi, ningejua la kufanya nayo. Alisema: "Mdogo wangu alikuja hapa kila likizo na hiyo karavani. Sakafu tulipigilia wote wawili, mimi nikishika mbao, yeye akigonga misumari. Mikono yake imo mle. Mnataka nikae niangalie inakwenda kuzama matope Kisorya, kesho auziwe mtu nisiyemjua? Kaburi halina cha kushika. Ile ina cha kushika." Akafuta macho kwa mkono wa shati.

Nikamwonea huruma. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inanikasirisha.

Walileta muhtasari wa kikao nisaini. Nikasema nitausoma kwanza nyumbani. Benedikta akainuka, akachukua mkoba wangu, akasema atanisindikiza. Tulitembea mpaka barabarani. Alipokuwa ananikabidhi mkoba alisema, akitazama mahindi ya watu, "Usisaini." Akageuka akarudi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua. Brenda ameuliza kama tutaenda kwa baba mkubwa Pasaka. Nimesema hapana.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda mahakama ya mwanzo. Karani, kijana mpole, alinieleza kwa kunirudia: ninaweza kuomba mwenyewe kuwa msimamizi wa mirathi, nikiwa na cheti cha kifo na cha ndoa. Tangazo litabandikwa siku thelathini. Mwenye pingamizi ataleta. "Na kwa sasa," alisema, "usivunje kitu, mama. Ukivunja kufuli, wewe ndiye utakayeshtakiwa."

Shauri limepangwa tarehe 26 Mei.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilipita Kabasa kuchukua sufuria tulizoziacha kwa Flora. Clever aliniita. Alikuwa amesikia.

"Naweza kulitoa hilo kufuli, mama. Dakika ishirini, bila kelele."

Sijui kwa nini, hasira zote za mwezi huu zikamwangukia yeye. Nikamwambia hadharani, mbele ya wateja wake, kwamba sihitaji mwizi anisaidie kuchukua kilicho changu.

Aliweka spana chini. "Niliiba," alisema. "Magurudumu sita. Nikakaa miezi minane, nikatoka. Wale niliowaibia wawili bado wanaishi Musoma, wananiletea matairi yao hapa. Wewe sijakuibia, mama Brenda. Ulininywesha chai nje."

Nilibeba sufuria zangu. Nikiwa nimefika mbali akanifuata, akanipokea ile kubwa, akaibeba mpaka stendi. Nilimwambia yale ya karani. Akasema karani amesema kweli, tusubiri karatasi.

Kisorya
Jumatatu, 28 Aprili

Tumeanza bila karavani. Nguzo nne, turubai, mafiga ya mawe. Upepo wa ziwani unaingia pande zote. Kuni mbichi. Macho ya Recho yamevimba kwa moshi. Vijana wanakula wamesimama, mvua inaongeza mchuzi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Turubai limechanika pembeni, tumelishona kwa kamba ya nyavu. Recho anasema, "Dada, turudi kwanza Nyasho." Nimesema wiki moja tu.

Jumanne, 6 Mei

Naandika hospitalini Bunda. Ilikuwa jana, kabla ya chakula cha mchana.

Mawingu yalitoka upande wa Ukerewe, meusi, yakaja haraka kuliko siku zote. Recho alikuwa ameinama anakaanga samaki, karai kubwa la mafuta, na nyuma yake sufuria ya maharage inachemka. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji. Upepo ulipiga mara moja tu. Ulinyanyua turubai lote na nguzo mbili, likafunguka juu kama mwavuli, halafu likashuka. Nguzo ikapiga karai.

Sikusikia akipiga kelele. Nilichosikia ni mafuta yakikutana na mvua. Nilipofika alikuwa amelala ubavu, turubai limemfunika nusu, na sketi imeganda kwenye mapaja. Vijana walimbeba kwenye gari la kokoto. Njia yote nilimmwagia maji, na yeye alikuwa ananiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, samaki wameungua?"

Tumbo limeungua kidogo. Mguu wa kushoto kidogo. Wa kulia, kutoka pajani mpaka chini ya goti, sikuweza kuangalia.

Jiko la karavani Samweli aliliwekea kingo za chuma pande nne ili sufuria isiteleze hata gari likitembea. Nimekuwa nikiwaza hizo kingo tangu jana. Na nimewaza wiki ile niliyosema, wiki moja tu.

Ijumaa, 9 Mei

Magesa amepiga simu kutoa pole. Nimekata.

Jumatatu, 12 Mei

Wanambadilisha bandeji. Nasimama nje mpaka waishe.

Alhamisi, 15 Mei

Clever amekuja na machungwa. Alikaa na Recho saa nzima akimhadithia jinsi ya kujua tairi lililozibwa na fundi mbaya. Recho alilala katikati ya hadithi. Yeye akaendelea kukaa. Nimemwomba radhi kwa yale ya Kabasa. Akasema, "Ilikwisha pale pale, mama."

Jumanne, 20 Mei

Goti la kulia halikunjuki lote. Daktari amesema afanye mazoezi. Hakusema litarudi.

Jumatatu, 26 Mei

Mahakama.

Hakimu ni mama wa makamo, mwenye miwani ya kuning'inia. Magesa alikuja na suti ileile, na baba mdogo Danford, na wazee wawili. Benedikta alikaa benchi la nyuma peke yake. Magesa alieleza pingamizi lake vizuri, bila kunitukana. Alisema ukoo umemchagua yeye. Alisema karavani ameifunga ili isiibwe, kwani ilishajaribiwa kuibwa Bunda.

Hakimu akamuuliza, "Ulifunga ili nani asiichukue?"

"Wezi, mheshimiwa."

"Huyu mama ni mwizi?"

Magesa alinitazama. Nadhani ni mara ya kwanza alinitazama tangu Aprili. "Hapana, mheshimiwa. Ila angeondoka nayo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Hakimu akauliza kwa nini kufuli lilibadilishwa. Magesa akasema la kwanza liliingia kutu.

Ndipo Benedikta aliposimama. Karani akamwambia akae, angoje kuitwa. Hakukaa. Hakimu akamuuliza yeye ni nani, akamwapisha.

"Ni mke wake," alisema. "Kufuli la kwanza halikuwa na kutu. Siku anabadilisha mvua ilikuwa inanyesha, mimi ndiye niliyemshikia mwavuli. Aliniambia nikiulizwa niseme kutu. Sasa mdogo wake huyu mama ameungua kwa ajili ya neno langu moja ambalo sikulisema siku ile. Nimeona nije kulisema."

Magesa alikaa chini kabla ya kuambiwa.

Nimeteuliwa msimamizi. Magesa ameamriwa kunikabidhi karavani na ufunguo Alhamisi, mtendaji wa kijiji akiwepo. Nilidhani nikitoka nje nitafurahi. Nilimtafuta Benedikta, alikuwa ameshapanda pikipiki ameondoka.

Alhamisi, 29 Mei

Tulikwenda mimi, Clever, na dereva wa kambi. Mtendaji alikuwa tayari amefika na karatasi zake. Mvua imekatika siku tatu hizi, nyasi zimefika madirishani, magurudumu yamezama nusu.

Magesa akatoa ufunguo. Clever akaingiza, akazungusha kidogo, akasimama. Matope yalikuwa yamekauka ndani kama saruji. Alitia mafuta, akangoja, akajaribu tena. Ufunguo ukakatikia ndani. Magesa akasema kwa haraka, "Sikufanya kitu," na nilimwamini.

Clever akachimba chini ya gurudumu, akaweka jeki juu ya ubao, akainua, akaondoa kifuniko cha katikati, akafungua beringi, akavuta gurudumu zima na kufuli likiwa limelikumbatia. Akavalisha gurudumu alilokuja nalo. Hakuzidisha dakika ishirini. Mtendaji aliangalia saa yake, akatikisa kichwa.

Halafu nikafungua mlango.

Jiko halikuwepo. Sinki halikuwepo, wala bomba lake, wala tangi la maji. Rafu zimefunguliwa skrubu moja moja, mashimo yamebaki ukutani yamejipanga. Nyaya za taa zimevutwa. Dirisha la nyuma, lile lililoelekea migomba, limetolewa na fremu yake, na mvua ya miezi miwili imeingilia hapo. Sakafu imevimba. Kwenye kona uyoga mweupe ulikuwa umeota. Aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka. Huenda alirudi mara nyingi.

Magesa alichungulia nyuma ya bega langu. Nilimsikia akivuta pumzi, halafu sikumsikia akiitoa. Akapita pembeni yangu, akaingia, akapapasa ukuta pale jiko lilipokuwa.

"Kila asubuhi nilikuwa nakuja," alisema. "Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, naja naangalia kufuli."

"Hukufungua mlango?" mtendaji akauliza.

"Kufuli lilikuwepo."

Akakaa kwenye ile sakafu mbovu, suruali ikalowa, akalia kwa sauti akimwita mdogo wake kwa jina la nyumbani ambalo mimi sikuwahi kuruhusiwa kulitumia. Mwezi uliopita ningeona ni haki yake. Leo nilisimama na karatasi ya mahakama mkononi na sikuona haki yoyote, ya kwake wala yangu. Nilimwambia, "Shemeji, shuka. Tunaondoka nayo." Akashuka.

Benedikta hakuwepo pale nyumbani. Sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi, 31 Mei

Recho ametoka hospitali. Anatembea kwa fimbo.

Kisorya
Jumatano, 4 Juni

Benedikta amekuja, na begi moja na kuku wawili. Tangu siku ya mahakama Magesa alimwambia arudi kwao mpaka atakapoitwa. Kwao mama yake ni mzee, kaka yake hana nafasi. Aliyasema hayo yote kwa pumzi moja, amesimama, kama aliyetumwa kunieleza habari za mtu mwingine. Nikampokea kuku. Jioni alikuwa ameshapigilia mbao kwenye lile tundu la dirisha na kung'oa uyoga wote.

Tunapikia mkaa ndani ya karavani, juu ya bati. Clever ametuchomelea kingo.

Jumatatu, 9 Juni

Jua kali. Watu wengi. Benedikta anachambua samaki haraka kuliko mimi. Bado hasemi. Nimeacha kungoja aseme.

Jumamosi, 14 Juni

Mchana, foleni ilipokuwa ndefu, nilimwona Magesa. Hakuwa na suti. Alisimama nyuma ya vijana wa barabara na kusogea kila waliposogea, mpaka akafika dirishani. Benedikta alikuwa kwenye samaki, akainua uso, akaona, akaendelea kukata.

"Nimekuja kukuomba urudi nyumbani," Magesa alimwambia. Vijana wote walikuwa wanasikia.

"Si leo," Benedikta akasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Nilimwambia akakae mezani, ataletewa chakula. Nilitaka nipeleke mwenyewe, lakini Recho alishachukua sahani. Ngazi ni mbili tu. Anashukaga kwa kukaa kwanza, anaweka sahani pembeni, anashusha mguu mzima, halafu anauvuta ule mwingine kwa mikono, anasimama, anachukua sahani. Magesa aliangalia mwanzo hadi mwisho. Alinyanyuka nusu kama anayetaka kumpokea, akakaa tena.

Recho akamwekea sahani mbele, akammiminia maji ya kunawa.

"Recho," alisema, "mimi ndiye—"

"Najua, shemeji. Kula. Samaki atapoa."